Baki

Chipu hii inajua kujumlisha.
Kuzidisha inajua, kwa kujivuta.
Kutoa inajua.
Kugawa haijui.
Walioichonga walikuwa na haraka, au walibana matumizi;
kampuni ilishafungwa,
simu yao inaita kwenye jengo lisilo na mtu.

Kwa hiyo kugawa nimeifundisha mimi,
hapa Tukuyu, chumba cha uani, nyuma ya duka la pembejeo,
bati likipigwa mvua tangu Machi.
Sogeza biti, linganisha, toa, sogeza tena,
mara kumi na sita,
kama mtoto wa darasa la tatu na njiti zake za kiberiti.

Shangazi Bupe huuliza: Atuganile, kazi yako hasa ni nini?
Natunza kompaila, nasema. Natunza maktaba ya C.
Mtu anaandika "uzito ukizidi, washa taa,"
mimi nahakikisha chuma kimeelewa taa ipi.
"Kumbe fundi redio," akasema,
kesho yake akaniletea redio.
Nikaitengeneza.

Kila mwaka kompaila hutoka toleo jipya, huko mbali,
na kila mwaka kuna kijana anayeandika: chipu hii kuukuu,
ifutwe, inatuchelewesha.
Namjibu kwa adabu. Naambatisha majaribio
elfu nne mia sita na tatu, yote yamepita.
Simwambii kwamba kuukuu hiyo imo ndani ya mizani mia mbili na kumi,
vibanda vya majani ya chai, Katumba, Suma, Mwakaleli,
hadi kule ukungu haufunguki kabla ya saa nne.

Juzi akaja Anyambilile, karani wa kibanda,
daftari ndani ya mfuko wa nailoni.
"Dada, kina mama wanasema mizani inakula.
Nikiweka jiwe la kilo tano inasema tano.
Lakini wanasema inakula."
Nikacheka. Mizani haina meno.

Usiku umeme ukakatika, ukarudi.
Nikafungua faili la kugawa.
Mstari wa themanini na nane, maelezo yangu mwenyewe,
miaka saba nyuma, nikijisifu:
*Nimeondoa kukadiria. Imeokoa baiti kumi na mbili.*

Jiwe la kilo tano halina baki.
Majani mabichi hayaji hivyo;
yanakuja na umande, na vikonyo.
Kumi na nne nukta saba tisa
ikawa kumi na nne nukta saba.
Gramu tisini. Hakuna aliyeiba.
Kiganja kimoja cha majani, gunia hili, na lile,
kila siku ya mchumo,
miaka saba.
Nilianza kuzidisha nikaacha.
Kuzidisha chipu inajua. Mimi ndiye sikutaka.

Kurekebisha ni mistari minne.
Nafasi ndiyo haikuwepo; kumbukumbu imejaa hadi kwenye ukingo.
Nikatafuta mpaka jogoo wa jirani akaanza fujo zake.
Mwisho nikayaona yale maneno ambayo mizani huonyesha ikiwashwa:
KARIBU MKULIMA.
Baiti kumi na tano, na sifuri ya mwisho ikiwemo.
Nilihitaji kumi na mbili.
Baki tatu.
Nikayafuta.

Sasa nazunguka na waya na bisibisi, mabuti yamejaa tope la Suma.
Haziwezi kuelezwa kwa simu, hizi; lazima uzifungue tumbo.
Tusekile ametua kikapu, anatazama kioo kitupu.
"Siku hizi haikaribishi?"
Namweleza. Yote, na mstari wa themanini na nane.
Ananyamaza, anapima: kumi na moja nukta sita.
"Ndaga," anasema. Kisha, akiwa ameshageuka:
"Na zile za nyuma?"

Nimetafuta maktaba nzima.
Hakuna kitendaji cha hilo.

Mizani ya kumi na moja.
Skrubu mbili zimeshika kutu.